Tuna laki nane na nusu ya kikoba, tunataka kupeleka chakula stoo ya msaada mtaani. Tununue nini hasa?

kikoba_mbagala:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana kwenye grupu letu tumeshagombana vya kutosha. Sisi ni akina mama 17 hapa Mbagala, mwaka huu tulipovunja kikoba tulikubaliana kila mtu aache elfu hamsini ya sadaka kwa hiyo ipo laki nane na nusu kamili. Mtaani kwetu kuna parokia ina stoo ya chakula, wanaisimamia watu wa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, ila wanamhudumia yeyote, muislamu mkristo, mradi mjumbe anakujua kwamba hali yako ni ngumu. Wengi ni wazee wanaolea wajukuu, wajane, wagonjwa wa muda mrefu na wale akina mama wa vibarua ambao wiki nyingine kazi hakuna.

Sasa shida ni hii. Kundi moja linataka hela yote iwe mchele, wanasema mchele ndo heshima, huwezi kumpelekea mtu sadaka ya unga. Wengine wanasema kila mtu achukue vitu kabatini kwake na nguo asizovaa tuongezee. Mmoja mumewe ana duka ana katoni tano za tambi zinaisha muda mwezi ujao anataka tuzichukue kwake kwa bei ya kutupa. Mhasibu wetu anasema tuwape hela mkononi wanunue wenyewe, hapo ndo grupu lilipowaka moto, eti hela italiwa. Na mwenyekiti anataka tushone sare. Mi mwenyewe sijui nishike lipi, mwenye uzoefu aseme.

Dalali wa Tandale:

Dada sare za nini tena jamani, hiyo ni gunia zima la maharage mnaenda kuvaa.

Mkishaamua kununua msiende supamaketi wala duka la rejareja, njooni soko la nafaka Tandale asubuhi na mapema, mje watu wawili tu, mkija 17 mmevaa vitenge sare bei inapanda kabla hamjasalimia. Gunia msikubali kuangalia mdomoni tu, pale juu ndo panapopambwa. Mwambie muuzaji achome bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea nafaka ndani ya gunia, katikati na chini, mmwage kiganjani mnuse. Mchele ukinuka uvundo ulinyeshewa, ukiwa na unga unga mweupe na vitobo kuna wadudu. Maharage yaume kwa jino, la mwaka huu linakubali kidogo, la miaka miwili ni jiwe na halitaiva hata ulichemshe kutwa. Halafu pimeni kwa kilo, msinunue kwa debe wala gunia la kukadiria, lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, inakudanganya pande zote mbili.

Mchele wa Kyela mnaujua unanukia lakini kwa kazi hii chukueni wa kawaida, wa Kahama au Ifakara, usiwe chenga tupu. Usafiri kirikuu kimoja, ile pikapu ndogo, kinatosha.

mtunza_stoo:

Nimeona huu uzi nikasema leo sipiti kimya. Mimi nimekaa kwenye stoo kama hiyo miaka sita, sio parokia yenu, upande mwingine kabisa wa mji, na nitakwambia tunachokiona sisi tukishafunga mlango wageni wakiondoka.

Kwanza kabisa PIGA SIMU kabla hujanunua hata chumvi. Yani watu hawaulizi. Kuna ofisi moja ilituletea chumvi, katoni na katoni, nadhani kuna mtu alipewa kazi ya kununua akaona chumvi ni rahisi bajeti inaonekana kubwa kwenye picha, ile chumvi tumekula mwaka na nusu na huku unga hatuna. Bango lao lilikuwa refu kuliko msururu wa mifuko waliyoleta, wakatupanga na bibi mmoja wa miaka themanini na kitu ashike mfuko acheke. Yule bibi hakurudi tena stoo, tukawa tunampelekea kwake jioni giza likishaingia. Kwa hiyo picha pigeni za magunia mkitaka ushahidi kwa wanakikundi, watu waacheni.

Pili hili la mchele. Mchele sio mbaya ila fikiria mtu anayekuja kuchukua. Bibi ana wajukuu wanne, kilo tano za mchele bila mboga zinaisha siku tatu nne, kilo hizo hizo za sembe na dagaa anasogea. Na mboga ndo inayokosekana stoo zote, kila mtu analeta wanga. Watu wanaleta unga mchele sukari, tukikaa kugawa unakuta mama kabeba kilo kumi za unga hana cha kulia.

Tatu, na hapa ndo nataka mnielewe vizuri, MOTO. Unampa mama maharage kilo tano unaona umemsaidia, umemuuliza atayapikia nini? Maharage ni saa mbili mpaka tatu jikoni, mkaa unaoishia hapo unaweza kuzidi bei ya maharage yenyewe. Nimeshamkuta mama kayauza maharage ya msaada kwa jirani ili anunue mkaa apike ugali, watu wa kamati wakamkasirikia eti anauza msaada, mimi nikaona yule anajua hesabu kuliko sisi. Tangu siku hiyo nawaambia wanaotoa: leteni choroko na kunde, zinaiva haraka, leteni dagaa wa Mwanza waliokaushwa vizuri bila mchanga, huyo dakika kumi tayari. Maharage yawepo ila machache na mtu umkumbushe kuyaloweka usiku. Na kama mnaweza hata gunia moja la mkaa wa kugawa kwa kopo au kujaza mitungi midogo ya gesi ya wazee wawili watatu, wallahi hiyo hakuna mtu anayeileta.

Mafuta msinunue ndoo ya lita 20 mkadhani mmerahisisha. Ndoo ikifunguliwa tunaanza kupimiana kwa vikombe, yanamwagika, mtu kaja na chupa ya dawa ya chooni hajaiosha vizuri. Chukueni chupa za nusu lita au lita. Sabuni ni ya mche, tunakata vipande. Pedi! Wanaume kwenye vikundi hawataji kamwe na nyie akina mama naona pia hamjaitaja, kwenye ile familia ya bibi na wajukuu kuna binti wa darasa la saba anayekosa shule siku nne kila mwezi. Nepi za kitambaa kwa watu wazima waliolala kitandani, hizo nazo zikiletwa zinaisha siku hiyo hiyo.

Unga: sembe inakaa, dona ni nzuri kwa afya lakini ina kiini chenye mafuta ndani, joto la Dar hili baada ya wiki chache inakuwa chungu. Dona iletwe ile ya kugawa wiki hiyo hiyo. Unga wa lishe wa kuchanganya karanga soya mahindi ngano na nini sijui, mi naukataa, karanga zikiwa na ukungu umemuumiza mtoto, na vitu vyote hivyo haviivi kwa muda mmoja.

Nguo leteni kama zimefuliwa na zina vifungo. Kama wewe usingemvalisha mwanao tengeneza dekio.

kikoba_mbagala:

Dah mtunza_stoo umenifungua macho, hilo la mkaa sijawahi kuliwaza hata siku moja na mimi mwenyewe napikia mkaa. Nimewasomea kwenye grupu kwa voisi, wale wa mchele wamenyamaza. Na tambi je?

fundi_pancha:

Kwani mtu anayepewa bure anachagua tena? Zamani tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada na hatukuuliza. Pelekeni mlicho nacho Mungu atabariki.

mtunza_stoo:

Mkuu fundi_pancha unga wa njano tuliula kwa sababu nchi nzima ilikuwa haina kitu, sio kwa sababu mtu alikuwa na mweupe akauficha akatupa wa njano.

mzee_wa_kadogo:

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi watu wa Bongo mna bahati mnabishana kuhusu mchele na choroko, sisi hapa kila mtu analeta unga ya pakiti ya kilo mbili na akimaliza anaenda nyumbani amefurahi, hiyo stori ya makaa ni kweli kabisa. Mtaani kwetu watu wananunua vitu kwa kadogo, mafuta ya kupimiwa ya shilingi ishirini, makaa ya mkebe mmoja, sukari ya kufungwa kwa karatasi. Kwa hivyo ukimpa mtu githeri mbichi, yaani mahindi na maharage, ya gorogoro mbili (makopo mawili ya kupimia) umempa kazi ya kutafuta makaa ya siku nzima. Kuna kanisa moja huku walibadilisha, wanachemsha maharage yote kwa sufuria moja kubwa Ijumaa jioni halafu watu wanakuja na mikebe wanachukua ikiwa imeiva, mtu anaenda kukaanga tu na kitunguu. Makaa yanatumika mara moja kwa watu hamsini.

Lakini nimekuja kusema kitu kingine, mahindi. Kama kuna mtu atawaletea mahindi ya shamba bure bure tafadhali muangalie mara mbili. Sisi mwaka wa 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za karibu watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, na hayo hayakuwa mahindi ya kutupwa, ni mahindi ya kawaida watu walivuna yakiwa na unyevu wakayaweka ndani ya nyumba. Sumu yenyewe huioni, haina harufu, ukipika haitoki. Mahindi yakiwa na ukungu wa kijani au punje zimesinyaa na kubadilika rangi usiseme tutayachambua tuwape maskini. Hata ng'ombe wa maziwa usimpe maana inapitia kwa maziwa.

Dalali wa Tandale:

Hapo mzee wa Nairobi umesema ukweli, na sio Kenya tu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo hiyo sumukuvu. Wapo wanaokuja sokoni wanasema kabisa "nipe ya bei ya chini ni ya msaada", na wauzaji wengine wana gunia lao la pembeni la kazi hiyo. Ukisema neno msaada pale sokoni umekwisha, sema unanunua ya harusi.

Mswahili wa Phoenix:

Jamani na mimi nichangie nikiwa upande wa pili wa meza, maana mi nimepokea. Nipo Arizona, Marekani, tulikuja kama wakimbizi kutoka Kigoma kambini, asili yangu ni Kongo, Uvira. Miezi ile ya kwanza tulikula kwa pantri na sasa hivi Jumamosi mbili kwa mwezi naenda kujitolea pale pale nilipokuwa napanga foleni.

Huku wana mambo mawili tofauti, watu huwa wanachanganya. Kuna benki ya chakula, hiyo ni godauni kubwa lenye malori na majokofu, halafu kuna pantri, hiyo ndo ndogo iko kanisani au shuleni mtu anaenda kuchukua. Benki inalisha pantri. Na benki ya kwanza kabisa ilianzia hapa hapa Phoenix mwaka 1967, mzee mmoja anaitwa John van Hengel alikuwa anajitolea kupika kwenye jiko la kulisha maskini, akaona maduka yanatupa chakula kizima, akasema kama hela inawekwa benki chakula nacho kiwekwe mtu atoe akihitaji. Benki hiyo, St. Mary's, ipo mpaka leo.

Sasa ninachotaka kusema. Siku yangu ya kwanza nilipewa boksi zito mno nikalibeba begani nikasema Mungu mkubwa. Kufika nyumbani kufungua: makopo. Makopo ya maboga yaliyosagwa ya kutengenezea keki, makopo ya jemu nyekundu inayoliwa pamoja na nyama ya bata mzinga, supu ya uyoga, na kifungulio cha kopo sina, nimefungua kwa kisu nikajikata hiki kidole. Mama yangu alionja ile jemu akauliza hii ni dawa ya kikohozi? Tulikaa na hayo makopo mpaka tulipohama nyumba tukahama nayo. Siku moja akaja mtoa msaada mmoja, sijui nani, akaleta mifuko ya unga mweupe wa mahindi, maharage makavu, dagaa wa duka la Waafrika na mafuta ya mawese. Foleni ile siku hiyo ilikuwa na sauti, watu wanaongea, Warundi kwa Wakongo, mama mmoja anamwonyesha mzungu wa pantri namna ya kusonga ugali kwa mikono hewani. Mi kila wakiniuliza watu wetu huku wapeleke nini nawaambia peleka kile ambacho watu wa pale wanakula kwao. Na makopo yawe yale yenye pete ya kuvuta.

Kuhusu hela: huku benki ya chakula wanapenda hela kuliko makopo, hawafichi. Wao wananunua kwa jumla, vingine wanapewa na wakulima na maduka, kwa hiyo dola yako kwao inaleta chakula kingi kuliko wewe ukienda nayo dukani. Mhasibu wenu hajakosea, ila waombe risiti na kitabu cha stoo, pantri ya kwetu kila kilo inayoingia na kutoka inaandikwa, mizani iko mlangoni.

Kuhusu tambi, huku ile tarehe kwenye pakiti nyingi ni ya ubora tu sio ya usalama, sheria ya serikali kuu inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga peke yake, kwa hiyo pantri zinapokea vitu vikavu vilivyopita tarehe kidogo. Na kuna sheria ya mwaka 1996 inamlinda mtu anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe, ndo maana maduka yanatoa.

mtunza_stoo:

Mswahili wa Phoenix hapo kwenye tarehe tutapishana. Sio kwamba tambi kavu itamuua mtu, hapana. Ila hapa kwetu kila mtu anajua ekspaya maana yake takataka, mtoto wa yule mama anasoma anamsomea mama yake tarehe, mama anajua mmempa mlichotaka kutupa. Tambi ambazo zimebakiza mwezi zipokee kama zinagawiwa wiki hiyo, na mwambieni huyo mama mwenye duka atoe bure, asiwauzie. Katoni tano anawapa kwa bei ya kutupa halafu mnasema sadaka, sadaka ya nani?

kikoba_mbagala:

😂😂 Hilo la mwisho nimelipeleka kwenye grupu kama lilivyo. Amesema atatoa bure katoni tatu, mbili anazirudisha dukani.

ustadhi_mdogo:

Assalaam aleikum. Nyongeza ndogo, angalieni na muda wa kupeleka. Sisi msikitini mwisho wa Ramadhani zakatul fitri inakuja mchele mpaka tunakosa pa kukaa, kila kichwa kilo mbili na nusu na zaidi, ndugu zetu kanisani nao wanajaza Kwaresima na Krismasi. Halafu njoo Februari. Ada, madaftari, sare za shule zimekausha kila nyumba, mahindi bado yako mashambani bei imepanda, na stoo ni nyeupe. Mkipeleka yote Desemba yanakutana na ya wengine. Gaweni mara tatu.

Na kama mtaweka nafaka ya akiba nunueni ile mifuko ya PICS, ina nailoni mbili ndani ya kiroba, ukifunga vizuri kila moja peke yake hewa haiingii wadudu wanakufa wenyewe bila dawa. Dawa ya kuhifadhia mahindi kwenye chakula cha kugawa mimi siiamini hata kidogo.

kikoba_mbagala:

Waleikum salaam ustadhi, asante. Nimerudi na mrejesho. Jana jioni nimeenda mimi na mhasibu kuonana na mama anayeshika stoo pale parokiani. Tulikaa naye saa nzima chini ya mwembe. Nikamuuliza mama shida yenu kubwa ni nini nikajua atasema unga. Akanyamaza, akaona aibu, akasema tuingie ndani. Jamani magunia yako chini kwenye sementi, mawili ya chini yamepiga ukungu kwa unyevu wa mvua za juzi, ameyatenga pembeni anaogopa kuwaambia waliotoa. Na mizani hana, anagawa kwa bakuli la plastiki lililopasuka, akasema watu wanagombana kila mwezi kwamba bakuli la fulani lilijaa zaidi, na yeye ndo anaitwa mwizi.

Akasema, mwanangu chakula watu huwa wanaleta, ila mbao za kuinulia magunia na mizani hakuna aliyewahi kuniuliza.

Basi tumeamua hivi na safari hii hakuna aliyebisha: chaga nne za mbao tutazinunua zile kuukuu za bandarini, mizani moja, choroko na dagaa na mafuta ya chupa tunapeleka sasa, pedi katoni mbili, na laki tatu inabaki kwa mhasibu mpaka Februari. Yale magunia yenye ukungu nimemwambia asimpe mtu wala kuku. Sare tumefuta. Sasa swali, mizani ya kuning'iniza au ile ya mezani?

Dalali wa Tandale:

Ya mezani, ya mawe, sio hizi za betri, betri ikiisha mnarudi kwenye bakuli. Na muangalie iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mkija Tandale Jumamosi niulizeni kwa vijana wa mizigo, mizani nitawaazima ya kwangu mpimie hapo hapo kabla hamjapakia.

mtunza_stoo:

Na dagaa msiwapakie kirikuu kimoja na sabuni.